Nimepasuliwa kiganja. Kabla hujachuliwa "mshipa", soma uzi huu

Mama Cherehani

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi nguo, mwaka wa 22 huu niko kwenye cherehani, na riziki yangu kubwa ni sare za shule. Mwezi wa saba nilipasuliwa kiganja cha kulia. Ndani ya wiki moja nimeona humu watu watatu wakiuliza dawa ya "mshipa wa mkono", nikasema ngoja niandike yote mara moja.

Ilianza usiku. Saa nane, saa tisa hivi naamka mkono umekufa ganzi, vidole vinachomachoma. Nauning'iniza nje ya kitanda, naukung'uta kama mtu aliyeshika kaa la moto, unarudi, nalala. Baba watoto akawa anadhani naota. Baadaye pini zikaanza kunidondoka. Kutunga uzi kwenye sindano, kazi niliyokuwa nafanya huku napiga soga na mteja, ikabidi nimwite binti yangu.

Kila niliyemwambia alikuwa na jibu lile lile. Jirani: mshipa. Muuza duka la dawa: mshipa. Bibi mmoja anayesifika kwa kuchua: mshipa umeruka. Nikachuliwa kwa mafuta ya nyonyo wiki tatu, mkono ukavimba. Nikala vidonge vya maumivu na vitamini mpaka mwaka ukakatika. Siku naosha vyombo nikatazama viganja vyote viwili, nikaona ile nyama nene chini ya dole gumba la kulia imebonyea, kama mto uliotolewa pamba. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kliniki ya mifupa nikakutana na daktari kijana, umri wa mwanangu wa kwanza. Hakuniuliza wapi panauma. Aliniuliza, "Mama, kidole cha mwisho nacho kinakufa ganzi?" Nikafikiri. Hapana! Dole gumba, cha shahada, cha kati, na cha pete upande mmoja. Kile kidogo kizima kabisa. Karibu miaka miwili naishi na mkono huo na sikuwahi kugundua. Akaniambia nikutanishe migongo ya viganja, vidole vitazame chini, nikae hivyo dakika moja. Sikufika nusu, sindano zikaanza kutembea.

Akanichorea. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba: chini na pembeni mifupa, juu utepe mgumu. Humo ndani zinapita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Mafundi wenzangu mtanielewa: ni kama mkunjo wa kiuno cha suruali ya kamba, halafu umepitisha kamba tisa na utepe mmoja wa satini. Kamba zikinenepa kidogo tu, anayeumia ni satini. Na upasuaji wenyewe ni kufumua ule mkunjo. Hawakati kamba, hawakati satini. Wanafumua ili nafasi ipatikane.

Sikulazwa. Ganzi ya kiganja tu, macho yangu wazi, kitambaa cha kijani kimetukinga, wauguzi wanabishana Simba na Yanga. Dakika ishirini na kitu, nikaambiwa tayari. Nyuzi zilitolewa siku ya 13.

Sasa ukweli wote. Ganzi ya usiku iliondoka wiki ile ile, nililala mpaka nikapitiliza. Lakini nguvu ya kushika ilipotea miezi mitatu. Nikibana mkasi mkubwa, chini ya kiganja pande zote mbili panauma kama nimepigwa rungu. Oda mbili kubwa nilizipoteza. Na ile nyama iliyobonyea bado haijajaa, daktari alishaniambia huenda isijae, kwa sababu nilichelewa.

Ulizeni.

Mpiga Soga

Nimekaa hapa mbele kabisa na kahawa yangu.

Kichwa Kigumu

Pole mama, ila hospitali nazo zinapenda visu. Mimi mwaka juzi nilikuwa na ganzi hiyo hiyo, nikachuliwa na mzee mmoja kijijini siku nne, mpaka leo sijui kuumwa mkono. Tusidharau vya kwetu.

Nesi wa Tieta

Shikamoo Mama Cherehani, umeeleza kuliko sisi tunavyoeleza wagonjwa. Nafanya kazi chumba cha upasuaji, nitajibu ninayoyaona.

Kaka Kichwa Kigumu, sikatai ulipona. Wapo wanaopona wenyewe, hasa ganzi ikiwa changa na mtu amepumzisha mkono. Hata kwetu si kila anayekuja anapasuliwa. Anaanza na banzi la kuvaa usiku linaloshika kifundo kinyooke, kwa sababu tukilala tunakunja mikono na njia inabana zaidi. Wengine wanachomwa sindano ya kupunguza uvimbe palepale. Kisu kinakuja hayo yakishindikana, au nyama ikianza kupungua kama ya mama. Nyama ikipungua, mshipa wa fahamu unakufa taratibu, na kuchua hakufumui ule utepe.

Nadhani hapa Kiswahili chetu chenyewe kinatuchanganya. Damu inapita kwenye mshipa. Hisia zinapita kwenye mshipa. Kamba inayovuta kidole, ambayo ni kano, nayo tunaiita mshipa. Na pwani ukisema "ana mshipa" watu wanainama kwa aibu, maana huo ni ugonjwa wa wanaume, tusifike huko. Mtu akija na kusema mshipa umekatika, mimi siwezi kujua ana dakika, wiki au miezi mingapi. Wa damu ukikatika unahesabu saa. Kano unahesabu siku. Wa fahamu unahesabu miezi.

Mjamzito Mvivu

Mimi nina mimba ya miezi minane na mikono yote miwili inakufa ganzi usiku. Nimesoma uzi nimeanza kulia. Nitapasuliwa?

Nesi wa Tieta

Usilie mdogo wangu. Ujauzito unajaza maji mwilini na ile njia inabana. Kwa wengi huisha baada ya kujifungua. Vaa banzi la usiku, na umwambie mkunga kliniki ili akupime na mengine, hasa kama uso nao unavimba au kichwa kinauma. Wengine ambao ganzi hii inawapenda ni wenye kisukari, wenye tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, na wenye baridi yabisi.

Boda wa Kona

Dada nesi, nina langu. Mwezi wa tisa niliteleza nikaangukia chupa, nikakatika kidole cha pete upande wa ndani, karibu na shina. Zahanati wakanishona nyuzi nne, kidonda kikafunga safi kabisa. Lakini kidole hakikunji. Nikivuta breki wenzake wanakunja, chenyewe kimenyooka kinatazama barabara. Nikiuliza naambiwa nikizoeshe. Miezi mitatu sasa nakizoesha.

Nesi wa Tieta

Ukikikunja kwa mkono wa pili kinakunjika? Halafu ukikiachia kinabaki, au kinarudi kunyooka?

Boda wa Kona

Nikikisukuma kinakunjika chote. Nikiachia kinarudi.

Nesi wa Tieta

Basi viungo vizima, kamba haipo. Walishona ngozi, kano ikabaki imekatika ndani. Nasikitika kusema tunayaona mara nyingi. Kidonda cha kiganjani au cha kidole, hata kikiwa kidogo, kabla ya kushonwa mgonjwa aambiwe akunje kila kidole, ncha peke yake na kiungo cha kati peke yake, na aguswe pande zote mbili za kidole kama anahisi. Hakuna kifaa kinachohitajika. Dakika mbili tu.

Kano ikishonwa ndani ya siku chache, au wiki mbili hivi, ncha zinakutana. Ikikaa miezi, ncha ya juu inarudi kuelekea kiganjani na ile njia yake inaziba.

Mama Cherehani

Samahani kuingilia. Hii ndiyo ile kamba ya suruali iliyochomokea ndani ya mkunjo! Ukiiwahi, unaifinya kwa vidole inatoka. Ukiifua suruali mara tano, kamba imejikunjia huko, mkunjo umeshikana, unapitisha mpya kwa pini.

Nesi wa Tieta

Mama, kuanzia leo nitafundisha wanafunzi kwa suruali yako. Ndiyo hivyo hasa. Na hata hiyo "pini" ipo: mara nyingi wanafanya kwa awamu mbili. Kwanza wanaweka mpira mwembamba wa silikoni pale kano ilipokuwa, wanafunga. Unakaa kama miezi mitatu, mwili unajenga njia mpya kuuzunguka. Kisha wanautoa na kupitisha kano halisi iliyochukuliwa sehemu nyingine ya mwili wako. Boda, endelea kukikunja kwa mkono wa pili kila siku ili viungo visikaze, hiyo ndiyo faida pekee ya kule kuzoesha. Halafu nenda kliniki ya mifupa na uombe rufaa kwa anayefanya mikono.

Boda wa Kona

Kano wanaitoa wapi? Nisije nikapata kidole nikapoteza mguu.

Nesi wa Tieta

Kutanisha dole gumba na kidole cha mwisho, kunja kifundo kidogo. Unaona kamba imesimama katikati ya mkono, juu ya kifundo? Hiyo ndiyo spea. Ikitolewa nguvu haipungui kwa kiasi cha kukusumbua. Wengine huzaliwa bila hiyo.

Mpiga Soga

MIMI SINA. Wakuu mimi sina kabisa!!

Kichwa Kigumu

Ninayo kushoto tu. Hii imekaaje?

Bint wa Tanga

Ofisi nzima tumekunja mikono hapa, bosi kaingia kadhani tunafanya uganga.

Nesi wa Tieta

Hahaha, hamna ugonjwa, kaeni kwa amani.

Boda, nikuongezee jambo litakalokutoa hofu. Siku hizi kano nyingi zinashonwa mgonjwa akiwa macho, kwa ganzi iliyochanganywa na adrenalini ili damu isitoke, bila kufungwa ile mipira ya kubana mkono. Tulipokuwa chuoni tulikaririshwa kwamba adrenalini kwenye kidole ni mwiko, kidole kitakufa. Daktari mmoja wa Kanada, Donald Lalonde, na wenzake walilifuatilia mpaka ule mwiko ukavunjika. Uzuri wake ni kwamba daktari akimaliza kushona anakwambia "kunja", unakunja mbele ya macho yake, na kama uzi unaachia anauona palepale kabla hajafunga.

Ila wewe na mama nawaomba kitu kimoja. Upasuaji wa kano bila mtu wa mazoezi ni kazi nusu. Ukikaza banzi wiki sita bila kutikisa, kano inagandamana na jirani zake. Ukitikisa ovyo, inakatika tena. Kuna ratiba yake katikati, na kazi nzito ni baada ya wiki 12 hivi. Nimewaona vijana wakirudi kwenye pikipiki wiki ya tatu, nusu yao wamerudi mezani kwetu.

Bint wa Tanga

Nilikuwa nasoma tu, ila ile ya "kuhesabu saa" imenigusa nikashindwa kunyamaza.

Mwanangu alikuwa na miaka sita. Alianguka kutoka kwenye mpera akatanguliza mkono, kiwiko kikavimba. Mama mkwe akasema hospitali watamfunga hogo miezi, kuna mzee anaunga mifupa ndani ya wiki. Sikubisha, nilikuwa mgeni nyumbani kwao. Mzee akamfunga vibanzi vya mianzi na vitambaa, akakaza hasa. Usiku ule mtoto alilia. Si kilio cha kudeka. Nikimgusa vidole kuvinyoosha anapiga yowe. Nikaambiwa mfupa unaungika, ndiyo maumivu yake. Usiku wa pili kilio kikapungua, nikamshukuru Mungu. Asubuhi vidole vilikuwa vya baridi.

Hospitali wakavifungua na kumpasua mkono wa chini siku ile ile kuachia misuli, lakini mingi ilikuwa imekwisha. Vidole vikajikunja vikabaki hivyo, kama kucha za mwewe. Alipofika miaka tisa akapasuliwa tena, wakaibandua misuli iliyofupika kutoka kwenye mfupa wakaishusha chini ili vidole vinyooke. Leo anashika kikombe, anashika kalamu kwa mtindo wake. Kufunga vifungo vya shati bado.

Mzee yule simtukani, alifanya alichofundishwa. Ninachojilaumu ni kushukuru kilio kilipopungua.

Mama Cherehani

Dada yangu. Pole sana. Sina neno.

Nesi wa Tieta

Pole mama. Hukuwa peke yako kukosea hapo, hata wataalamu walichelewa kulielewa. Mjerumani mmoja, Richard von Volkmann, aliandika mwaka 1881 kwamba bandeji iliyobana inaua misuli ya mkono, na mikono iliyojikunja hivyo inaitwa kwa jina lake hadi leo. Na si vibanzi vya mianzi tu. Hogo la hospitali nalo likibana linafanya hivyo hivyo, hata uvimbe wenyewe bila bandeji unaweza.

Kwa wote: mtoto aliyevunjika kiwiko, maumivu yakizidi badala ya kupungua, na kumnyooshea vidole kukawa ndiyo mateso, bandeji ifunguliwe yote mpaka kwenye ngozi na aende hospitali usiku huo huo. Misuli ikikosa damu kama saa sita inaanza kufa moja kwa moja. Kilio kikikatika ghafla na vidole vimepooza, hapo neva, yaani mishipa ya fahamu, zimenyamaza. Kiwiko cha namna hiyo kikiwahi, mara nyingi ni kurudisha mfupa na kupitisha vyuma vyembamba viwili au vitatu kupitia ngozi, na vinachomolewa baada ya wiki tatu au nne.

Shemeji wa Mbeya

Na mkono unaoning'inia baada ya ajali? Mdogo wangu aligongwa na gari akiwa kwenye pikipiki, akaangukia bega. Mfupa haukuvunjika lakini mkono hauinuki wala kiwiko hakikunji. Tumeambiwa tusubiri. Mwezi wa nne huu.

Nesi wa Tieta

Mwezi wa nne msisubiri tena nyumbani. Mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi imevutwa au imeng'oka. Inaota kama milimita moja kwa siku, na misuli isiyopata umeme wake inakufa ndani ya mwaka, mwaka na nusu. Fanyeni hesabu wenyewe kutoka shingoni. Ndiyo maana wanaohamisha mishipa wanataka kumpata mgonjwa kabla ya miezi sita. Mfaransa Christophe Oberlin alionyesha mwaka 1994 kwamba unaweza kuchukua nyuzi chache kwenye mshipa unaokwenda kiganjani ukaziunga kwenye mshipa wa fahamu wa musuli wa kukunja kiwiko, na kiganja kisidhurike. Ila kiganja chenyewe kiwe kinafanya kazi. Vidole vya mdogo wako vinatikisika?

Shemeji wa Mbeya

Vinatikisika, anashika simu kabisa.

Nesi wa Tieta

Basi kesho asubuhi ombeni rufaa, msingoje tarehe ya kliniki.

Kijana wa Geita

Wakuu naomba msaada wa haraka. Mzee wangu ana kisukari. Siku tatu zilizopita kidole cha kati kilipata mdudu wa kidole baada ya kuchomwa na mwiba. Tumemvisha ndimu. Leo kimevimba chote mpaka kiganjani, homa ipo, anasema kesho kitapasuka chenyewe.

Kichwa Kigumu

Ndimu inavuta usaha, mpeni siku moja.

Nesi wa Tieta

Hapana. Kijana, nijibu haraka: kidole kimevimba chote kama soseji? Amekikunja kidogo? Ukikinyoosha anapiga kelele? Ukibonyeza upande wa ndani panauma mpaka kiganjani?

Kijana wa Geita

Yote manne.

Nesi wa Tieta

Muondoke sasa hivi. Usaha uko ndani ya ala ya kano na hauna pa kutokea, unapanda nayo. Kwa mwenye kisukari unaweza kumaliza mkono kwa siku chache. Madaktari wa Dar es Salaam waliandika kuhusu hili miaka zaidi ya 20 iliyopita, watu walioingia na mchubuko au kuumwa na mdudu wakatoka bila mkono, wengine hawakutoka. Dawa za kumeza peke yake hazitoshi, inabidi papasuliwe na kuoshwa. Mkono ainue juu ya moyo njiani. Mtoeni pete SASA. Na hakuna mdudu wowote humo, ni jina tu.

Kichwa Kigumu

Nafuta kauli yangu. Kijana mpeleke mzee.

Kijana wa Geita

Tupo kwenye gari.

Mpiga Soga

Wakati tunasubiri habari za mzee, hivi kidole kikikatika kabisa, ni kweli unakiweka kwenye barafu?

Nesi wa Tieta

Usikitumbukize kwenye barafu, kitaungua kwa baridi. Kifunge kwenye kitambaa safi kibichi kidogo, weka ndani ya mfuko wa nailoni, funga, kisha mfuko huo ndio uuweke kwenye maji yenye barafu. Kuunga inahitaji hadubini na uzi mwembamba kuliko unywele. Wajapani Komatsu na Tamai ndio waliotangaza mwaka 1968 kuunga dole gumba lililokatika kabisa. Kwetu si kila mahali panawezekana, lakini nenda nacho hata hivyo, ngozi yake inaweza kufunika kidonda.

Kijana wa Geita

Wakuu, siku ya tano leo. Mzee alipasuliwa usiku ule ule, wakarudi kumwosha mara mbili. Kidole cha kati kimekwenda, walisema kano ilishaoza. Mkono upo. Sukari ilikuwa juu mno, sasa anachomwa insulini. Amekasirika kwa sababu pete yake ya ndoa ilikatwa. Asanteni.

Mama Cherehani

Alhamdulillahi. Pete inachongwa nyingine.

Mimi naomba niwaage kidogo, sare zimefika kilele, nina sketi 60 za kumaliza kabla ya shule kufunguliwa Januari.

Nesi wa Tieta

Mama, na mkono wa kushoto? Uliandika viganja vyote viwili ulivitazama.

Mama Cherehani

Nilijua utauliza. Unakufa ganzi tangu Septemba. Nimepangiwa tarehe 10 mwezi huu, nikaomba wasogeze mpaka Februari.

Nesi wa Tieta

Mama Cherehani.

Bint wa Tanga

Mama!!

Boda wa Kona

Mama hizo sketi niletee, nina kidole kimoja kibovu lakini mke wangu anashona.

Mama Cherehani

Haya. Boda, nitumie namba ya mkeo kwenye ujumbe wa siri. Anajua kukunja marinda?